"Hizi Kompyuta Hazionani": Kauli ya Kutendana na Utafutaji wa Hitilafu katika Mtandao wa Nyumbani

1.0 Utangulizi

Tangu istilahi za kompyuta zianze kuundwa kwa Kiswahili, juhudi kubwa imeelekezwa kwenye nomino. Tumepata mtandao, tovuti, barua pepe, kipanya na kompyuta mpakato, na tumerithi pia mabishano yasiyokwisha baina ya wapenzi wa kompyuta na wapenzi wa tarakilishi. Vitenzi vimeachwa vijitafutie riziki vyenyewe. Makala haya yanashughulikia kitenzi kimoja tu, -ona, pamoja na kiambishi -an-, katika tungo ambayo fundi wa kompyuta huisikia kila mara mashine mbili za nyumba moja zinaposhindwa kushirikiana: "Hizi kompyuta hazionani."

Tutajaribu kuonyesha kwamba tungo hii, ingawa ni sahihi kabisa kisarufi, huficha jambo lile lile ambalo fundi anahitaji kulijua mwanzo, yaani upande ambao hitilafu imeelekea. Tutaonyesha pia kwamba Kiswahili kina nyenzo za kulifichua jambo hilo, na kwamba nyenzo hizo zimo katika mnyambuliko wa vitenzi, si katika orodha za istilahi.

Tungo zinazojadiliwa ni za matumizi ya kila siku, ambazo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili cha Tanzania atazitambua. Nyumba inayotolewa mfano ni ya kubuni. Vifaa vyake na hitilafu zake si vya kubuni.

2.0 Mazingira ya Mifano

Tumeiweka nyumba hiyo Ruaha, katika Wilaya ya Kilosa, kando ya barabara itokayo Mikumi kuelekea Ifakara, kabla ya kuvuka Mto Ruaha Mkuu na kuingia Kidatu. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu ya lugha. Eneo hili ni la Wavidunda, ambao lugha yao Guthrie aliipa namba G38, na jirani zao ni Wasagara (G39), Wapogoro, Wandamba na Wahehe. Mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari yameleta watu wa kila upande wa nchi tangu miaka ya 1960. Katika mchanganyiko huo Kiswahili ndicho lugha ya kazi, ya soko na ya ufundi. Lakini kijana aliyesoma sekondari amefundishwa sayansi kwa Kiingereza, na kioo cha kompyuta mara nyingi humsemesha kwa Kiingereza. Mteja humweleza tatizo kwa Kiswahili. Fundi husimama katikati, na hapo ndipo maana hupotea.

Hasara yake si ya kinadharia. Mteja huuziwa waya mpya asiouhitaji, au kompyuta nzima hufutwa na kupangwa upya, mafaili ya mwaka mzima yakapotea, kwa sababu tatizo lilielezwa kwa tungo isiyosema lipo wapi.

Tuchukue, basi, nyumba ambayo chumba chake cha mbele ni duka la kuchapa na kutoa nakala. Dukani kuna kompyuta ya mezani iliyounganishwa na printa. Ndani kuna kompyuta mpakato ya mwalimu, ambamo hutayarishwa mitihani ya shule na orodha za malipo za wakulima wa miwa. Baina yake kuna ruta ndogo. Kinachotakiwa ni kwamba faili liandikwe ndani na lichapwe dukani bila mtu kutembea na kidude cha kuhifadhia mfukoni, ambacho aghalabu hurudi na virusi. Tutaziita mashine hizo "ya dukani" na "mpakato".

3.0 Kutendana na Ukanushi

Tuanze na tungo nne:

(1) Ya dukani inaiona mpakato.
(2) Mpakato inaiona ya dukani.
(3) Zinaonana.
(4) Hazionani.

Tungo (3) ni kweli iwapo (1) na (2) zote mbili ni kweli. Hapo hapana utata. Utata unaanza tunapokanusha. Tungo (4) inakanusha (3), na (3) inaweza kuwa si kweli kwa namna tatu: hakuna inayoiona nyenzake, au ya dukani inaiona mpakato lakini mpakato haiioni ya dukani, au kinyume chake. Mtu anayesema "hazionani" ametuambia kwamba mojawapo ya hali hizo tatu ipo. Hakutuambia ni ipi.

Hata hivyo, msikilizaji huwa hachukui uwezekano wote watatu. Huchukua ule wa kwanza, kwamba hakuna inayoona. Hili si la kompyuta peke yake. Tukiambiwa "Majirani hawa hawasalimiani", sote tunawaza watu wawili walionuniana. Lakini yawezekana mmoja wao anatoa salamu kila asubuhi na mwenzake anapita kimya. Tungo bado ni kweli, na picha tuliyoichora kichwani si kweli.

Kiambishi -an- chenyewe hakina tabia moja. Katika -gongana au -lingana uhusiano ni wa pande zote mbili kwa maumbile yake; huwezi kulingana na mtu asiyelingana nawe. Katika -fuatana, mmoja yuko mbele na mwingine nyuma, wala hatutarajii kwamba wa mbele anamfuata wa nyuma. Katika -achana, kitendo cha mmoja chatosha kuwafanya wote wawili kuwa walioachana. Mwanafunzi wa isimu anayefundishwa kwamba -an- ni "kutendana" basi, bila nyongeza, amepewa nusu ya habari.

Kwa -onana kuna jambo la ziada, na pengine hili ndilo kiini cha tatizo. Umbo hili limekwisha kupata maana yake ya kileksika. "Tutaonana kesho" haina maana kwamba mimi nitakutazama na wewe utanitazama; maana yake ni kwamba tutakutana. Mgonjwa akiambiwa akaonane na daktari, kuonana huko hakuwezi kuwa kwa upande mmoja. Anayesema kwamba kompyuta hazionani anaibeba maana hiyo ya kukutana na kuipeleka mahali ambapo haifai, kwa sababu mashine mbili zaweza kuonana kwa upande mmoja, na hutokea hivyo kila siku, kama tutakavyoona katika sehemu ifuatayo.

Kuna muundo mwingine unaofaa kutajwa:

(5) Ya dukani haionani na mpakato.
(6) Mpakato haionani na ya dukani.

Kimantiki tungo hizi ni sawa. Kimatumizi si sawa. Kilichowekwa kuwa kiima ndicho kinachobebeshwa lawama, na fundi aliyeambiwa (5) atakaa mbele ya kompyuta ya dukani, ataifungua, ataipuliza vumbi, kabla hajaiuliza ile nyingine swali hata moja. Kiima kimechaguliwa na mteja kwa sababu tu alikuwa amekaa dukani wakati tatizo lilipotokea.

4.0 Kinachofichwa na Kitenzi "-ona"

Kukiondoa kiambishi -an- hakumalizi kazi, kwa kuwa -ona nayo imebebeshwa mambo mengi. Mashine moja "kuiona" nyingine kunaweza kuwa na maana ya kwamba waya umeshika, au kwamba ujumbe unafika na kujibiwa, au kwamba jina lake linatokea katika orodha, au kwamba folda zake zinafunguka. Haya ni mambo tofauti. Kila moja hutegemea lile lililolitangulia, na kila moja lina dawa yake.

4.1 Kushikana

La kwanza ni la vifaa. Penye waya, taa ndogo iliyopo kwenye tundu la kompyuta na la ruta huwaka pale ncha zote mbili zinaposhika. Isipowaka, hakuna haja ya kugusa mipangilio yoyote. Badili waya, badili tundu, na uhakikishe kwamba urefu hauzidi mita 100 ambazo waya wa aina hii umekadiriwa.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa sarufi atalipenda. Waya wa mtandao una nyuzi 8. Katika mitandao ya kasi ya megabiti 10 na 100, kompyuta husemea kwenye nyuzi za 1 na 2, na husikilizia kwenye nyuzi za 3 na 6. Ukiziunganisha kompyuta mbili moja kwa moja kwa waya ulionyooka, mdomo wa moja unaelekezwa kwenye mdomo wa nyingine, na sikio kwenye sikio. Zote zinasema na hakuna inayosikia. Ndiyo maana mafundi walitengeneza waya wa kupishana, ambao uzi wa 1 wa upande huu hutokea kwenye namba 3 ya upande ule, na wa 2 kwenye namba 6. Huo ndio muundo wa kutendana: mtenda wa upande mmoja sharti awe mtendwa wa upande wa pili. Vifaa vya kisasa hujipishanishia vyenyewe, na penye ruta waya wa kawaida unatosha. Lakini katika maduka yetu bado zimo kompyuta za zamani ambazo hazina uwezo huo, na fundi kijana asiyewahi kusikia habari za waya wa kupishana anaweza kupoteza siku nzima.

4.2 Kufikiana

La pili ni kufikiana kwa ujumbe. Kila mashine katika mtandao wa nyumbani huwa na anwani ya namba, aghalabu inayoanza na 192.168, fungu mojawapo lililotengwa kwa matumizi ya ndani. Chombo cha kupimia ni mwito wa majaribio ambao mafundi huuita pingi. Programu yake iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, naye alilichukua jina kutokana na mlio wa mitambo ya nyambizi inayotafuta vitu chini ya maji kwa mwangwi. Mashine moja huita, nyingine hujibu, na muda uliopita hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde.

Mwito huo una sifa moja ambayo mara nyingi haifundishwi: jibu likipatikana, njia zote mbili zimethibitika, ya kwenda na ya kurudi. Jibu lisipopatikana hatujui ni ipi iliyokatika. Kwa hiyo mwito wa upande mmoja hautoshi. Ni lazima tuite kutoka dukani kwenda kwenye mpakato, kisha tuite kutoka kwenye mpakato kwenda dukani, na tuandike matokeo yote mawili.

Tuseme ya dukani imeiita mpakato na kukutana na kimya. Kisha mpakato imeiita ya dukani na kujibiwa. Mteja atasema bado hazionani, naye hajakosea kwa mujibu wa (4). Lakini tazama tulichokwisha kukijua. Kwa kuwa mpakato imejibiwa, waya au mawimbi ni mazima kwenda na kurudi. Ruta ni nzima. Anwani zote mbili ni sahihi. Kilichobaki ni kimoja: mpakato ina mlinzi anayezuia wageni wasioalikwa, lakini huwapokea wale wanaoleta jibu la swali alilouliza mwenyeji mwenyewe. Mara nyingi sababu ni kwamba mashine hiyo, ilipounganishwa mara ya kwanza, iliambiwa iko katika mtandao wa hadhara, kama wa hotelini, na si wa nyumbani. Katika programu-endeshi ya Windows dawa yake ni kubadili aina ya mtandao kuwa wa binafsi na kuruhusu ushirikishaji wa mafaili. Kumzimisha mlinzi kabisa, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wenye haraka, ni kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekaza.

Tungo (4) ingetufanya tushuku vitu vitano. Tungo mbili zenye kiambishi cha yambwa, "mpakato inaiona ya dukani" na "ya dukani haiioni mpakato", zimetuachia kimoja. Kwa maoni yetu hapana hoja nyingine inayohitajika kuonyesha faida ya kuitenganisha -an- katika sehemu zake.

Iwapo kimya ni cha pande zote mbili, tutazame anwani. Pengine mashine mbili zimepewa namba moja, na hapo neno "zinagongana" ni sahihi kabisa, kwa kuwa mgongano hauna upande. Pengine moja ina anwani inayoanza na 169.254, dalili kwamba iliomba anwani kwa ruta, ikakosa, ikajipa yenyewe. Hiyo haitazungumza na yenye 192.168 hata zikiwa zimewekwa meza moja.

Lakini hata hapa, kimya cha pande zote hakimaanishi kwamba kosa ni la pande zote. Pamoja na anwani, kila mashine huwa na namba ya pili inayoiambia mtaa wake unaishia wapi. Tuiite namba ya mpaka. Tuseme ya dukani ni 192.168.1.10 na mpaka wake ni 255.255.255.0. Kwake mtaa mmoja unaanzia 1 hadi 254. Mpakato ni 192.168.1.200, lakini mtu aliiandikia mpaka wa 255.255.255.128. Kwake mtaa unaanzia 129 hadi 254 tu, na namba 10 ni ya ugenini. Ya dukani inaihesabu mpakato kuwa jirani. Mpakato inaihesabu ya dukani kuwa mtu wa mbali, na majibu yake huyapeleka kwenye lango la kutokea badala ya mlango wa pili. Na kama lango halikuandikwa, majibu hayaendi popote. Matokeo ni kimya huku na kule, na kosa liko upande mmoja tu. Ujirani, tofauti na tulivyozoea kudhani, si lazima uwe wa pande mbili.

Uwezekano mwingine wa kimya cha pande zote ni pale mashine zinapotumia mawimbi ya ruta yaliyotengwa kwa ajili ya wageni. Ruta nyingi huwaruhusu wageni kutoka nje kwenda kwenye intaneti lakini huwazuia wasifikiane wao kwa wao. Kila mmoja anasoma habari za dunia na hawezi kumpa jirani yake faili.

4.3 Kujuana

La tatu ni majina. Hutokea kwamba mwito kwa namba unajibiwa, lakini jina la mashine halionekani katika orodha, au mwito kwa jina haujibiwi. Hapo hatuwezi kusema haziwasiliani. Tunasema hazijuani kwa majina. Huduma ya utambuzi imezimwa, au majina mawili yamefanana.

Hitilafu ya jamii hii ndiyo inayozaa lile lalamiko la "jana zilionana, leo hazionani". Umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kugawa anwani upya. (Wenyeji hawakosi kutania kwamba wanakaa chini ya bwawa la Kidatu, lenye mitambo ya megawati 204, na bado wanawasha mishumaa.) Ya dukani iliyokuwa namba 10 sasa ni namba 14, na mpakato, iliyofundishwa kuitafuta printa kwenye namba 10, inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Hakuna kilichoharibika. Anwani imehama, na dawa ni kuiagiza ruta iihifadhie ya dukani namba ile ile siku zote.

4.4 Kuelewana

Hapo Kidatu reli mbili zinakutana: tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi, lenye upana wa milimita 1,000, na TAZARA, yenye milimita 1,067. Zinakutana kweli, lakini behewa la moja haliwezi kuingia kwenye nyingine. Ndiyo maana paliwekwa kituo cha kuhamishia mizigo. Tofauti ya milimita 67 yatosha. Mtu akisema reli hizo zimeungana au hazikuungana, atakuwa amesema kweli kwa maana moja na uongo kwa maana nyingine.

Kompyuta nazo hupatwa na jambo hilo. Kompyuta ya zamani inayotumia Windows XP, ambayo kampuni iliyoitengeneza iliacha kuihudumia kwa jumla mwaka 2014, hushirikisha mafaili kwa toleo la kwanza la itifaki ya SMB. Windows 10, kuanzia toleo la mwisho wa mwaka 2017, haiweki tena toleo hilo bila kuombwa, kwa sababu za usalama. Mashine hizo mbili zitaitana na kujibiana, na faili halitapita. Zinafikiana lakini hazielewani. Kuirudisha itifaki ya zamani kunawezekana, nasi hatulishauri, hasa kwa kompyuta inayoingia kwenye intaneti. Afadhali mashine ya zamani ibadilishiwe programu-endeshi.

4.5 Kuruhusiana

La mwisho ni ruhusa, na hapa kauli ya kutendeka ndiyo inayopotosha. Mteja husema "folda haifunguki". Kiambishi -ik- huondoa mtenda na kuiacha sifa kwenye kitu chenyewe, kana kwamba folda ina kutu. Lakini kioo kimeandika kwamba ruhusa imekataliwa. Kwa fundi hiyo ni habari njema: ujumbe umefika, umesomwa, umeeleweka, na jibu limerudi. Aliyekujibu "hapana" amekusikia. Waya, anwani, mlinzi na jina vyote vimepita mtihani, na kilichobaki ni nywila au orodha ya wanaoruhusiwa. Laiti mteja angesema "nimekataliwa kuifungua", kazi ya saa tatu ingekuwa ya dakika tano.

5.0 "Mtandao Hakuna"

Tumeona udhaifu wa kitenzi. Nomino nayo ina wake, ingawa ni wa kueleweka kwa haraka. Mtandao, linalotokana na -tanda, mzizi ule ule wa utando wa buibui, ni istilahi nzuri. Lakini katika matumizi ya leo limekuwa jina la kampuni ya simu ("unatumia mtandao gani?"), la intaneti, la huduma ya kutuma fedha, na la uunganishaji wa mashine mbili sebuleni. Mteja akisema "mtandao hakuna", fundi hawezi kujua upi.

Matokeo yake ni imani iliyoenea kwamba bila bando kompyuta mbili haziwezi kupeana faili. Si kweli. Ruta isiyo na salio hata la shilingi moja itaendelea kuziunganisha mashine za ndani, na faili linalotoka kwenye mpakato kwenda dukani halipiti nje ya kuta za nyumba. Tunapendekeza mtandao wa ndani kwa uunganishaji wa aina hii na intaneti kwa ule wa nje, na mtandao peke yake liachwe kwa mazungumzo yasiyohitaji usahihi.

6.0 Istilahi na Waunda Istilahi

Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na miaka 30 baadaye, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Mwendo huo si haba. Lakini kazi ya kuitafsiri programu humlazimu mfasiri aanze na menyu, na maneno ya menyu ni majina na amri: faili, hariri, hifadhi. Hitilafu haikai kwenye menyu. Hitilafu husimuliwa, na masimulizi hutaka vitenzi, njeo na ukanushi.

Mfano wa madhara ya kutazama nomino peke yake ni tafsiri ya yule mlinzi tuliyemtaja. Baadhi ya waandishi humwita "ukuta wa moto", wakifuata neno la Kiingereza kipande kwa kipande. Neno hilo la Kiingereza lilikuwa na maana ya ukuta unaozuia moto usivuke kutoka nyumba hadi nyumba. Kiunganishi cha -a katika Kiswahili hakibebi maana ya "kuzuia" bila msaada. Msomaji ataona ukuta unaowaka, au ulio na joto. Ukuta wa kinga, au mlinzi kama walivyozoea kusema baadhi ya walimu darasani, lingetosha, na lingemwelekeza mwanafunzi kwenye swali linalofaa: anamzuia nani, akitoka upande gani?

Kwa watunga kamusi tunapendekeza kwamba vitomeo vya istilahi za mtandao visikomee kwenye nomino. Kitomeo cha -fikia kionyeshe -fikika na -fikiana katika maana ya ujumbe. Kitomeo cha -ona kitaje matumizi haya na kitofautishe -onana ya kukutana na -onana ya mashine. Wapo watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuipa kamusi kazi ya kitabu cha ufundi. Hatukubaliani nao. Kamusi zetu zimesheheni vinyambuo vilivyoorodheshwa bila maelezo. Kuvieleza vichache si kupotoka.

7.0 Zaidi ya Mbili

Tumejadili mashine mbili kwa sababu mbili ndizo zinazofaa kwa kuanzia. Somo la vitendo laweza kuwekwa hivi: mwanafunzi apewe kompyuta mbili zenye hitilafu moja iliyofichwa, na akatazwe kutumia kitenzi chochote chenye -an- mpaka atakapokuwa ameandika tungo nne zenye kiima na yambwa bayana, mbili za mwito kwa namba na mbili za mwito kwa jina. Baada ya hapo aruhusiwe kusema atakavyo.

Mashine zikizidi mbili, uzito wa swali huongezeka upesi. Mbili zina pande 2 za kuangalia. Tatu zina pande 6, nne zina 12, na kwa jumla mashine n zina pande n(n–1). Simu na printa nazo huhesabiwa. Siku mwalimu wa Ruaha atakapoongeza kompyuta ya tatu kwa ajili ya watoto, "hazionani" itakuwa na namna 63 za kuwa kweli, kwa kuwa kila upande kati ya 6 waweza kuwa mzima au mbovu, na ni mpangilio mmoja tu kati ya 64 ambao zote zinaonana. Fundi atahitaji karatasi yenye safu tatu za kwenda chini na tatu za kwenda kulia, majina ya waitaji yakiwa pembeni na ya waitwao juu, na alama moja katika kila kijumba isipokuwa vile vitatu vya mshazari.